Koti la Kuimbia

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Bi Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo ilikuwa haimtoki shingoni tangu anapofungua duka mpaka anapokwenda kulala. Mumewe, fundi wa friji na mtu wa masihara, alikuwa akisimulia kwamba siku ya ndoa ilibidi bibi harusi avuliwe futi kwanza ndipo avishwe mkufu. Si kweli, lakini kila aliyesikia aliamini.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango. Kitasa chake kilikuwa bado kipo, na hapo ndipo alipotundika mkasi. Sifa yake ilikuwa moja tu: nguo yake hukaa. Walikuwapo mafundi wenye haraka kuliko yeye, na wenye bei nafuu kuliko yeye, lakini koti la Bi Futi likilala mabegani mwa mtu hutulia kama limezaliwa naye. Hapakuwa na mahali panaponing'inia wala panapovuta. Naye alijijua. Mteja akitoka, alimsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona, na alichokuwa akikitazama si mteja, ni mgongo wa lile koti.

Katika nyumba hiyohiyo aliishi wifi yake, kitinda mimba wa mama mkwe, binti mwembamba mwenye mikono isiyoisha madoa ya rangi, maana mchana aliuza rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni aliimba muziki wa roki na vijana watatu katika ghala moja bovu nyuma ya kiwanda cha uchapishaji. Wenzake walimpachika jina la Radi, na jina likamganda. Mama yake tu ndiye aliyekataa kulitumia. Alisema yeye alikwenda leba akazaa binti, hayo mengine yaulizwe mawingu.

Bi Futi na Radi walipendana kwa mapenzi ya mawifi, ambayo nusu yake ni kuchokozana. Binti akianza kufanya mazoezi chumbani kwake, Bi Futi humgongea ukuta na kumuuliza leo kagombana na nani. Kusema kweli, kwake yeye uimbaji ule ulikuwa ni kupiga kelele kwa mpangilio. Kelele tamu wakati mwingine, hakukataa, lakini kelele. Kila mtu ana koo, alisema, na mwenye koo pana ndiye mwenye bahati.

Kisha bendi ikaingia studio na kurekodi wimbo wa daraja.

Ulikuwa wimbo wa mtu aliyekuja usiku mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji, na mwenzake yuko upande wa pili. Mara tatu katika wimbo huo aliyebaki ng'ambo anaita neno moja tu: vuka. Mara ya mwisho neno lile linapanda, linapanda tena, halafu linakaa huko juu muda ambao mtu wa kawaida angekuwa ameshaanguka. Wimbo ukashika. Madereva waliusikiliza, wanafunzi waliusikiliza, na muuza maji wa mtaani aliuimba akisukuma mkokoteni, isipokuwa pale mwisho, ambapo alikohoa na kugeuza mazungumzo. Hata Bi Futi alikiri kwamba lile neno likifika, mguu wake unasahau kukanyaga cherehani.

Basi wakaalikwa kuimba kwenye ukumbi wa chuo kimoja. Bi Futi hakwenda, alikuwa na sare za shule za kumaliza. Habari alizipata kwa mumewe, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha ya ndoa yao alisimulia jambo bila kutia mzaha. Radi, alisema, aliingia jukwaani kwa mbio, akaruka, akaimba nyimbo nne mfululizo kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, halafu akauanza wimbo wa daraja vilevile ulivyo kwenye redio. Mara ya kwanza alilifikia neno. Mara ya pili alilifikia kwa taabu. Mara ya tatu sauti ikakatika, ikatoka hewa tupu, kama mpira wa baiskeli uliopata msumari. Wanafunzi hawakuzomea. Walinyamaza tu, na kunyamaza kwao, mume alisema, kulikuwa kubaya zaidi.

Radi alirudi nyumbani hana sauti hata ya kuomba chumvi. Daktari wa koo alimwangalia kwa kioo chake kidogo, akasema nyuzi za sauti zimevimba, na akamkataza kusema, hata kunong'ona, mpaka atakapomwambia. Nyumba ikaingia kimya. Mama mkwe, aliyekuwa akilalamikia kelele miaka yote, siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili akaanza kusukuma mlango wa chumba cha binti kila mara na kuchungulia. Siku ya tatu Bi Futi alimkuta amekaa ukumbini na redio imezimwa, ameshika tama.

Sauti ilirudi polepole, kama mgonjwa anavyorudi kutembea. Na haijakaa sawasawa, ukaja mwaliko mwingine, mkubwa: onyesho la wazi kwenye kiwanja cha mpira, bendi nyingi, alasiri mpaka jioni. Wenzake walikubali kabla yeye hajasema ndiyo. Siku hiyohiyo Radi alikuja dukani, akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akasema, "Wifi, nishonee koti. Kama nitaaibika tena, angalau niaibike nimependeza."

Bi Futi alicheka, lakini moyoni alilichukua jambo hilo kwa uzito wake wote. Alimpima kama alivyompima kila mtu: simama wima, mabega nyuma, tumbo ndani, tulia. Akachagua kitambaa kizito cheusi na bitana nyekundu. Alikata mwenyewe, akashona kwa mkono pale mashine isipofika, akapiga pasi kila mshono kabla ya kwenda kwenye mwingine. Koti lilipokamilika, lilimkaa binti kama ganda la yai. Mama mkwe alilizunguka mara mbili akitafuta kosa, kwa mazoea, asilione.

Siku ya Jumamosi akalibeba mwenyewe mpaka kule ghalani, ili alione likiwa kazini.

Alitegemea kukuta vurumai. Alikuta watu wanne wamenyamaza. Mpiga ngoma, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa udobi, alikuwa ameweka fimbo zake mapajani. Mpiga besi alikuwa ameegemea ukuta. Mpiga gita, mtunzi wa nyimbo zao, kijana mtulivu waliyemwita Mpole, alikuwa amechutama akilegeza nyuzi za gita lake. Na Radi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameweka mrija ndani ya chupa ya maji, anapuliza mapovu na kuvumisha sauti humohumo ili kulainisha koo, kama mtoto aliyepewa soda akaamua kuichezea. Bi Futi alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akameza. Mpole alimsogezea kreti akae.

"Shemeji, samahani," alisema, "leo tunabishana."

Ubishi wenyewe ulikuwa mrefu, na Bi Futi aliufuata kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Mpole alitaka wimbo wa daraja ushushwe ngazi moja, na kwa ajili hiyo alikuwa ameshalegeza nyuzi. Radi hakutaka. Alisema watu wanaujua ulipo, wakiusikia umeshuka watajua ameshindwa. Mpole akamjibu taratibu kwamba hakuna mtu anayekuja kiwanjani na rula ya kupimia sauti. Na hapo Radi, ambaye hakuwa mtu wa kukiri, akageuka kumtazama wifi yake, akaanza kumweleza ule wimbo ulivyorekodiwa hasa, labda kwa kuwa ni rahisi zaidi kumwambia asiyejua.

Kule studio, alisema, hakuuimba wimbo ule hata mara moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliimba mstari mmoja, akanywa maji ya uvuguvugu, akacheka, akarudia. Lile neno la mwisho lilipewa siku yake peke yake. Alilala chali sakafuni, taa zimezimwa, akalijaribu mpaka fundi mitambo akasema basi, hili hapa. Na sauti isikikayo si moja. Ni zake nne zilizopangwa moja juu ya nyingine kama mablanketi. Halafu fundi mitambo akapita na kuzikata pumzi zote, kila mahali alipovuta hewa, ili wimbo uwe safi.

"Kwa hiyo yule wa kwenye redio hapumui kabisa?" Bi Futi aliuliza.

"Hapumui. Na mimi nilikwenda pale chuoni kushindana naye."

Bi Futi aliupitisha kichwani, akatafuta pumzi hata moja, asiipate. Alikuwa ameusikia wimbo ule mara nyingi mno, na hakuwahi kulitambua hilo.

Ndipo wenzake wakamwambia Radi avae koti wajaribu. Radi akavaa, akasimama mbele ya maiki, mpiga ngoma akahesabu. Mistari ya kwanza ilikwenda vizuri, na Bi Futi alikuwa akitazama mabega, akijisifu kimoyomoyo. Kabla ya lile neno Radi akavuta pumzi. Kukasikika mlio mkavu, kraaa, kama mtu amechana shuka, na mshono wa mgongo ukafunguka toka katikati mpaka karibu na kola. Bendi ikasimama. Mpiga besi akaanza kucheka, akaona uso wa Bi Futi, akajifanya anapiga chafya.

Katika miaka yake yote ya kushona, hakuna mshono wake uliowahi kuachia mbele ya watu. Damu ilimpanda usoni. Alisema kitambaa ni kibovu, akasema uzi, akamlaumu muuza uzi pamoja na ukoo wake. Radi akalivua koti, akalitundika, akaja kusimama mbele yake na kumpa mgongo.

"Wifi, weka mikono yako hapa. Chini, kwenye mbavu. Nyuma kabisa."

Bi Futi akaweka. Viganja vyake viliijua miili ya watu, vilikuwa vimegusa mamia ya migongo. Radi akavuta pumzi, kimya, bila kuinua mabega hata kidogo. Na chini ya viganja vile mbavu zikaanza kufunguka. Zilifunguka kwa pembeni na kwa nyuma, zikaisukuma mikono ya Bi Futi ikaachana, zikaendelea kufunguka pale alipodhani zimefika, mpaka akahisi kama ameshika mlango wa nyumba kubwa na mtu yuko ndani anausukuma. Kisha Radi akaimba. Hakuimba kwa nguvu, sauti ilikuwa ndogo tu, imenyooka. Mbavu hazikuanguka. Zilibaki wazi, zikishuka kidogo kidogo, kwa mwendo wa maji yanayopungua ndani ya beseni lenye tundu dogo, na muda wote huo mgongo mzima ulikuwa ukitetemeka kwa ndani, mtetemo mwembamba uliopanda kwenye vidole vya Bi Futi mpaka kwenye viwiko.

Sauti ilipokwisha, Bi Futi hakuondoa mikono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na alikuwa akiamini kwamba watu huimba kwa koo.

"Fanya tena," alisema.

Radi akafanya tena. Kisha Bi Futi akaichukua futi shingoni, akampima kifua akiwa ametulia, akampima tena akiwa amejaa pumzi, akazitazama namba zile mbili kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiingia. Alimwambia Mpole waendelee na kazi yao, wasimjali. Alibaki pale juu ya kreti mpaka jua lilipohama kwenye dirisha la juu.

Aliyoyaona siku ile aliyabeba muda mrefu. Kwanza walishusha wimbo ngazi moja, na Radi alipouimba huko chini, ukawa mzito zaidi, kama mto wenyewe umejaa. Kisha wakaanza kutupa maneno. Palikuwa na mstari uliosema mvua imenyesha usiku kucha, na binti akaona akiuimba wote hapati pa kuvuta hewa. Wakaondoa neno moja, yakabaki: mvua, usiku kucha. Pale kati pakabaki pengo, na ndani ya pengo lile akavuta pumzi, na ikasikika. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekimbia kuja mtoni. Bi Futi alisisimka mikono. Akamwona Mpole naye amekodoa macho, maana hakuwa amelipanga hilo.

Zile sauti nne wakazifanya mbili, ya Radi juu na ya yule dobi mpiga ngoma chini. Sauti ya dobi ilikuwa nene, ya mtu asiyejua kuwa anayo. Hizo nyingine mbili, Mpole alisema, watu wanazo tayari vichwani mwao, watajiwekea wenyewe. Kisha likaja suala la lile neno. Ninachokitumia mwanzoni sikikuti mwishoni, Radi alisema, kwa hiyo mara ya kwanza sitalipandisha. Akaliimba chini, karibu na kusema, na lilipokuwa linafifia, gita la Mpole likalipokea mdomoni mwake. Walirudia mara nyingi kupokezana kule. Mwisho wake Bi Futi alifumba macho kusudi, akijaribu kukamata ni wapi sauti ya mtu imeishia na ni wapi waya umeanzia, asiweze.

Usiku mumewe alimkuta amelifumua koti lote, amekaa katikati ya vipande. Akauliza kama limekufa au linafanyiwa upasuaji. Bi Futi alijaribu kumweleza habari za mbavu, akaweka hata mkono wake mgongoni mwa mume na kumwambia avute pumzi. Mume akavuta, akakohoa.

"Yako haijafika popote," Bi Futi alisema.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," mume akajibu. "Mimi sijaundwa kwa kuimba, nimeundwa kwa kula."

Bi Futi alilishona koti upya. Mgongoni akatia marinda mawili marefu yaliyofichwa, ambayo mtu akisimama tu hufunga kama mlango, na akijaa pumzi hufunguka na kuonyesha ile bitana nyekundu. Kwapani akaweka kitambaa cha kuvutika. Ilimpa shida, kwa sababu mkono wake ulizoea kuondoa nafasi, na sasa ulipaswa kuishona nafasi yenyewe. Alikosea mara mbili akafumua.

Radi alipokuja kujaribu, simu yake ililia. Aliyepiga alikuwa mwandaaji wa onyesho, mtu mchangamfu, naye alikuwa na ushauri. Pale kwenye lile neno la mwisho, alisema, wachezeshe sauti ya studio chini kwa chini, Radi afungue mdomo tu. Hakuna atakayejua, na si dhambi. Wapo wakubwa wanaofanya hivyo na watu wanarudi nyumbani wameridhika. Radi hakumkatalia. Alisema atafikiri. Akaweka simu juu ya meza ya kukatia, karibu na kitasa, akabaki akijitazama kwenye kioo.

Bi Futi alikuwa nyuma yake na pini mdomoni. Aliona wazi kwamba binti anaogopa, na kwamba jibu rahisi lilikuwa limemkaa vizuri.

"Wewe ungefanyaje, wifi?" Radi aliuliza.

Bi Futi akatoa pini mdomoni. "Mimi sijui mambo yenu. Lakini ningekuwa nimesimama kule mbele, ningetaka kukuona ukivuta ile pumzi. Ukishaivuta, hata usipofika, nitakuwa nimeona kitu."

Radi alilivua koti, akaenda chumbani kwake. Kule alimpigia Mpole, na Bi Futi alisikia kupitia ukutani akisema wataimba wenyewe.

Siku ya onyesho ilikuwa na jua kali. Mama mkwe alikuja, kwa mara ya kwanza, amevaa gauni lake la kwendea harusini na pamba masikioni. Mwanawe alimshikia mwavuli. Bi Futi aliruhusiwa kusimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya masanduku ya spika, na sindano tatu zenye uzi ameshazichomeka kwenye kifua cha blauzi, moja nyeusi, moja nyekundu, na moja ya wasiwasi.

Radi hakuingia kwa mbio. Alitembea. Waliimba wimbo wa kasi, kisha mwingine, kisha ule wa taratibu ambao mpiga besi ndiye anayeubeba, na Bi Futi akaelewa kwamba hata mpangilio huo ulikuwa umefikiriwa: alikuwa anapumzishwa mbele ya watu wote na hakuna aliyeona. Kisha Mpole akapiga zile noti za mwanzo za wimbo wa daraja, na kiwanja kizima kikanguruma.

Watu walianza kuimba kabla yake, kule juu walikouzoea. Radi akasubiri. Akaanza kwa chini, taratibu, karibu na kuongea, na Bi Futi aliwaona vijana wa mstari wa mbele wakitazamana. Mmoja alikunja uso. Bi Futi akaigusa ile sindano ya tatu. Lakini likaja lile pengo, mvua, na pumzi, usiku kucha, na ile pumzi ikatoka kwenye spika kubwa ikapita juu ya vichwa vya watu wote, na yule kijana akaacha kukunja uso. Kelele zikapungua. Watu walikuwa wameanza kusikiliza.

Kutoka pale pembeni Bi Futi aliona wasichokiona waliokuwa mbele. Aliuona mgongo. Kabla ya kila mstari marinda yalifunguka, mistari miwili myekundu ikaonekana juu ya weusi, kisha yakajifunga taratibu kadiri sauti inavyotoka. Alijua mstari utakuja kabla haujaja. Akajikuta naye anavuta pumzi pale anapovuta Radi, na kuiachia pale anapoiachia. Alitazama upande wa watu, akaona mabega yao nayo yanapanda na kushuka, maelfu, bila mmoja wao kujua, kama shamba linalopitiwa na upepo.

Neno la kwanza likalazwa chini, na gita likalipokea. La pili Radi aliwageuzia watu maiki, wakaliita wao, wengine juu, wengine chini, wengine ovyo, na ilisikika kama kweli kuna watu wengi ng'ambo ya mto. Wakati huo yeye alisimama tuli, macho amefumba, mikono imelala. Bi Futi alijua hapumziki. Alikuwa anajikusanya.

Mara ya tatu marinda yakafunguka, yakafunguka mpaka mwisho wake, mistari miwili ikawa mipana kama viganja, na kwa kitambo ngoma ikanyamaza, besi ikanyamaza. Kisha neno likatoka.

Halikuwa la redioni. Lilikuwa fupi kuliko lile, na chini kuliko lile kwa ngazi moja. Katikati yake lilipasuka, likatoa mkwaruzo kama mti unaochanika, na Bi Futi akakumbuka mpira wa baiskeli. Lakini binti hakukimbia ule mkwaruzo wala hakuuficha. Alipita ndani yake, akatokea upande wa pili, na sauti ikawa safi, moja, bila blanketi juu yake, ikasimama pale juu ya kiwanja mpaka alipoamua mwenyewe kuiweka chini. Bi Futi alikaa juu ya sanduku la nyaya. Hakushangilia, kwa kuwa hakukumbuka kwamba hilo nalo linafanywa.

Kule kwenye watu, kama alivyosimulia mumewe baadaye, mama mkwe alikuwa ameshatoa pamba masikioni na kuziacha zianguke. Alisubiri kelele zipungue, akamvuta mwanawe shati.

"Huyu," alisema, "ndiye tunayekaa naye nyumbani?"

Radi alitoka jukwaani ameloa kama ametoka kisimani. Bi Futi alisimama na maneno yake tayari, maneno makubwa aliyokuwa ameyapanga akiwa juu ya lile sanduku. Binti akanywa maji, akafuta mdomo, na kwa sauti yake ya kila siku, nzima kabisa, akasema, "Wifi, kwapa la kushoto linabana kidogo."

Yale maneno makubwa hayakusemwa. Bi Futi alishika kwapa, akasema atalitazama kesho.

Nyumbani mama mkwe hakusema kitu kuhusu onyesho kwa siku nzima. Jioni yake tu, binti aliporudi kutoka dukani na madoa ya rangi ya kijani mikononi, alimwita kwa mara ya kwanza kwa jina lile, Radi, njoo ule, kisha akaingia jikoni haraka kabla hajaulizwa.

Jumamosi iliyofuata Bi Futi alifunga duka mapema, akaenda kule ghalani. Hakuwa na nguo mkononi wala futi shingoni, na mpiga ngoma alimtazama mara mbili asiwe na hakika ni yeye. Mpole akamuuliza shemeji leo amekuja kujaribisha nini.

"Hakuna," alisema. "Nimekuja kukaa."

Wakamsogezea kreti lake. Radi aliweka mrija kwenye chupa, akapuliza mapovu, Mpole akakaza waya mmoja, kisha wakaanza wimbo mpya, ambao ulikuwa bado hauna maneno.